Uso wa Baa ya Tuohy

Asubuhi ile, kwenye benchi linalotazamana na Baa ya Tuohy pale Dublin, walikaa wanaume watatu na chai zao za dukani, wanyonge kama wafiwa. Mwaka mzima walikuwa wamepiga kelele barabarani: "Tajiri, usiguse uso wa baa yetu!" Na tajiri aliyeinunua, muungwana wa watu, hakuugusa. Ukuta wa mbele ulikuwa palepale, na mlango wake mwekundu na kile kichwa cha jiwe chenye ndevu. Ila madirishani ilionekana mbingu. Dinny ndiye aliyefungua mlango akakuta shimo. Aliufunga taratibu, akarudi kukaa.

— Hakuna kitu, jamani. Hata kaunta.

— Acha masihara, Dinny!

— Nenda kachungulie mwenyewe.

Profesa, ambaye chuo alichofundisha hakijulikani mpaka leo, alikwenda, akarudi amepauka.

— Mungu wangu! Wamekula nyama, wametuachia ngozi. Na yale matofali yalitoka jela ya mfalme!

— Jela wapi! akadakia Askofu, aliyefukuzwa seminari kwa ajili ya kinywaji. Yalitoka kanisani. Maiti waliozama mtoni walilazwa kwenye ghala la chini ya baa, penye baridi, wakingoja hakimu wa kuchunguza vifo. Mmoja akaamka, akapanda ngazi, akaagiza painti ya bia.

— Muongo we!

— Akaimaliza! Ndiyo maana wahenga wakasema, maji yakimwagika hayazoleki.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Si alikuwa ametoka majini?

Dinny hakucheka. Moyo ulikuwa unamuuma kweli.

— Nyie mnaongea maiti. Na kile kibanda cha pembeni ya kaunta, walichonywea akina mama faraghani, je? Attracta wangu alikaa mle tangu uchumba wetu mpaka anakufa. Akitaka kinywaji, anagonga kioo, nampitishia pale kidirishani. Tulililia uso, ndani hatukutaja hata siku moja. Wajinga sisi!

Hapo akafika binti mmoja, Sorcha, wa ofisi ya majengo ya kale.

— Poleni, wazee wangu. Huyu tajiri hakuwa na ruhusa ya kubomoa ndani. Tunaweza kumlazimisha arudishe kila kitu kilivyokuwa.

— Unasema kweli, mwanangu?

— Kweli. Ila hakuna picha wala mchoro. Mmebaki nyinyi tu mnaokumbuka. Tuanze na dogo: kioo cha kibanda cha akina mama kilikuwa rangi gani?

— Kijani, akasema Profesa.

— Kijani! Kahawia, kama chai hii, akasema Askofu. Muulize Dinny, mke alikuwa wake.

Wote wakamgeukia. Dinny aliukumbuka mkono wa Attracta, pete ikigonga, kicheko chake kikija kabla yake. Rangi haikuja.

— Alikuwa anagonga mara mbili, akasema.

— Rangi, mzee wangu?

Dinny akaanza kulia palepale, mbele ya watu.