Nyota Yako Imeshajifia

Benchi letu ni ubao mrefu uliong'olewa kwenye bodi la lori bovu, umelazwa juu ya matairi mawili nje ya kibanda cha fundi redio. Mimi ndiye mwenye birika. Nauza kahawa, sigombani na mtu, ila masikio ninayo na mdomo pia ninao. Siku ile wateja wangu walikuja na nyuso za watu waliookolewa kwenye moto. Chanzo ni filamu. Jana yake Waya, ambaye ndiye huyo fundi redio, alimaliza kutengeneza televisheni ya mteja, na ili kuijaribu akatuwekea filamu ya mambo ya anga: jua, sayari, nyota, na huko nyuma ya nyota ambako sijui kuna nini. Ilikuwa ya kigeni, lakini imetafsiriwa na yule yule jamaa anayetafsiri filamu za ngumi, mwenye sauti ya mtu wa mnadani. Tuliitazama mpaka mwisho, tukatawanyika bila hata kuagana.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Breki, dereva wa lori mstaafu. Kikombe alikuwa nacho mkononi, hanywi.

Breki: Mimi sijalala.

Waya: Nani kalala?

Breki: Usiku kucha nimeshikilia kitanda. Mlimsikia lakini? Dunia inakimbia kilomita thelathini kwa sekunde. Sekunde, jamani! Mimi nimeendesha lori ujana wangu wote, nikigusa mia kwa saa nzima bosi anapiga simu. Hii nani anaiendesha?

Waya: Haiendeshwi. Inajiendea.

Breki: Inajiendea! Na sisi wote ndani!

Nikamwambia, mbona basi kahawa haimwagiki. Akanitazama kama nimemtukania mama yake.

Breki: Hilo ndilo linalonitisha! Lori likienda kasi unasikia. Ukiona husikii kitu, ujue uko kwenye mteremko na gia imetoka.

Waya: Wewe unaogopa mwendo. Mimi naogopa jua. Litavimba, limesemwa. Litavimba mpaka litumeze wazimawazima.

Breki: Na mimi ndio kwanza nimeinua ukuta!

Waya: Ni baada ya miaka bilioni tano, Breki.

Breki: Hata kama! Mtu unajenga ili wajukuu wakae, kumbe unawajengea ndani ya jiko. Mbona hawakusema mapema?

Nilicheka mpaka birika likatikisika. Ndipo nikaona kwamba kwenye ncha ya benchi kuna mtu hacheki.

Huyo ni Sindano, fundi cherehani, mgane, mwenye mikono mizuri kuliko fundi yeyote ninayemjua. Alivaa suruali mpya kabisa na fulana. Koti la suti hiyohiyo, kazi yake mwenyewe, alilikunja magotini bitana nje. Siku ile ilikuwa siku yake. Saa kumi Waya na Breki wangemsindikiza kwenda kumposa Mama Vifungo, mjane mwenye duka la vifungo na zipu hapo ng'ambo ya barabara. Kila mtu mtaani alijua. Tangu mwaka uanze Sindano alikuwa akinunua vifungo kwake hata akiwa anashona shuka. Kwa mama huyo kulikuwa nyuma ya duka, hatua chache, na wazee wake walikuwa wameshafika. Saa kumi nayo ilikuwa inapita, na bwana harusi mtarajiwa anatazama vidole vya miguu.

Waya hakumwona. Alikuwa ameshapanda moto.

Waya: Lakini lililonimaliza ni la mwanga. Mwanga unasafiri, yaani unatoka huko, unakuja, unachelewa njiani. Hata wa jua unatumia dakika nane. Maana yake ukilitazama jua, unaliona la zamani.

Breki: Sasa la leo liko wapi?

Waya: Liko njiani! Na si jua tu. Mimi nikikutazama wewe, mwanga unatoka kwako ndiyo unakuja kwangu. Kwa hiyo sikuoni wewe. Namwona Breki wa zamani kidogo.

Breki: Wa zamani wakati gani? Nilipokuwa na nywele?

Waya: Hapana, mdogo sana huo muda. Lakini upo! Ndiyo kusema hapa benchini hakuna aliyewahi kumwona mwenzake. Tunaona habari zetu tu.

Breki: Loh! Basi ndiyo maana mke wangu akinitazama anaona mtu mwingine kabisa.

Waya: Na lile shimo jeusi je? Linameza kila kitu, hata mwanga wenyewe haurudi.

Breki: Hilo mimi nalijua. Liko chini ya kiti cha lori langu la zamani. Nimepoteza spana mle, nimepoteza miwani, hakijawahi kurudi kitu.

Hapo Sindano akasema, taratibu, bila kuinua kichwa.

Sindano: Mimi siendi.

Breki: Huendi wapi?

Sindano: Kwa yule mama. Nendeni mkawaambie wazee wanisamehe.

Nilisimama na birika hewani. Breki ndiye aliyepiga kelele.

Breki: Una wazimu? Watu wameshakaa! Mimi nimevaa soksi kwa ajili yako!

Sindano: Si mlisikia wenyewe jana? Mlikuwepo. Alisema, nyota yako imeshajifia.

Kweli yalisemwa. Nayakumbuka kwa sababu yule mtafsiri aliyapigia kelele kama mtu anayeona bao linaingia: "Sasa cheki hapa, mtu wangu! Nyota yako hii unayoiona inakukonyeza, kumbe imeshajifia zamaaani! Inayokufikia ni nuru tu, mwenyewe hayupo!" Sisi wote tulisema loh. Kumbe Sindano alikuwa amepigwa pale pale.

Waya: Ndugu yangu, zile ni nyota za juu. Za angani.

Sindano: Na yangu iko wapi, jikoni? Tangu mdogo mama yangu ananiambia nina nyota. Alipofariki mke wangu, watu wakasema nyota yangu imefifia. Nikavumilia, kufifia si kufa. Jana nimesikia kwa masikio yangu. Imekufa, na ni zamani.

Waya: Alisema nyota tu!

Breki: Hapana, Waya, tuseme kweli. Alisema "yako".

Nikaona hapa nikinyamaza mtu ataharibikiwa. Nikamwambia Sindano: yule jamaa kila kitu kwake ni chako. Jambazi lako hili linaruka ukuta. Helikopta yako inadondoka. Juzi kwenye filamu ya vita alisema bomu lako hili hapa, kuna aliyekwenda nalo nyumbani? Ndivyo anavyoongea, mdomo wake umezoea.

Nikadhani nimemaliza kazi. Breki akajisogeza mbele kwenye ubao.

Breki: Lakini alikuwa anaelekea upande wa Sindano.

Waya: Nani anaelekea? Yule hayumo kwenye picha, ni sauti!

Breki: Hiyo sauti ndiyo ilielekea kwake. Mimi nilikuwa upande wa pili, sikuisikia vizuri.

Waya: Kwa sababu spika moja imekufa! Inayofanya kazi ndiyo ilikuwa upande wake!

Sindano: Spika imekufa, nyota imekufa. Endelea tu.

Waya akajishika kichwa. Kisha fundi akaamua kulitengeneza jambo kwa ujuzi wake, na hapo ndipo alipolibomoa.

Waya: Sikiliza. Hii ni kama kituo cha redio. Kituo kimefungwa, watangazaji wamekwenda zao, lakini mawimbi bado yanakuja. Wewe unasikia muziki, unacheza, tatizo liko wapi? Nyota yako hata kama imekufa, mawimbi yake bado. Kwani wewe mwenyewe una hakika gani uko hai? Huenda na wewe ulishakwenda zamani, anayekaa hapa ni nuru.

Sindano akajigusa goti. Breki akasogea kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

Breki: Suluhisho jepesi. Nyota ziko mabilioni, hazina wenyewe. Leo jioni toka nje, chagua nyingine, kubwa, mpya. Hata gari ukiona injini imekufa hutupi bodi.

Sindano: Nyinyi mnacheza. Mimi sichezi. Mke wangu asubuhi alinipigia pasi shati, akaniambia kola imekaa vizuri. Jioni hakuwepo. Jioni ileile. Sasa nijue kabisa kwamba nyota yangu ni maiti, halafu nikamchukue mama wa watu, mzima, anacheka, nimlete ndani? Nimpende vipi mtu halafu nimfanyie hivyo?

Nilijisikia vibaya sana. Mwaka mzima nilidhani mtu huyu anaona haya tu, kumbe alikuwa na hofu, na sisi tulikuwa tunamwongezea hofu kwa vikombe.

Ndipo Breki akasimama wima kama kasimamishwa na askari wa barabarani. Ng'ambo, mlango wa duka la vifungo ulifunguliwa, akatoka Mama Vifungo mwenyewe. Gauni la kutokea, nywele zimesukwa, mkoba begani. Akavuka barabara akija kwetu. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Mwanamke anayeposwa leo hatoki nje, sembuse kuja kijiweni kumfuata mposaji!

Mama Vifungo: Hamjambo?

Tukasema hatujambo, kwa sauti za watoto waliovunja kioo.

Mama Vifungo: Wazee wamekaa mpaka maneno yamewaishia, sasa wanatazamana. Nimewaambia nakwenda kufunga duka. Kuna nini?

Sindano alikuwa amelikumbatia koti. Breki akajikakamua.

Breki: Shemeji, ni... ni mambo ya anga.

Mama Vifungo: Mvua?

Breki: Juu zaidi.

Ikabidi nimweleze mimi. Nilimweleza yote, filamu, mtafsiri, nyota kujifia, spika, mpaka shati lililopigwa pasi. Nilitegemea acheke au asonye. Hakufanya lolote. Alipokuwa anasikiliza nilimtazama macho, nikaona hayatoki kwa Sindano.

Mama Vifungo: Fundi.

Sindano: Naam.

Mama Vifungo: Mimi nimezika mume. Unajua hilo?

Sindano: Najua. Nilikuja mazishini.

Mama Vifungo: Ulikuja. Ulikaa nyuma kabisa. Basi niambie. Nyota yangu mimi iko hai, au imekufa?

Breki akatazama juu kutafuta msaada, akalikuta jua, akainamisha kichwa haraka. Ungemjibu nini? Ukisema iko hai, basi kufiwa hakuui nyota ya mtu, na Sindano hana kisingizio. Ukisema imekufa, mwambie basi usoni, mwanamke kasimama mbele yako na gauni lake la kutokea. Mimi nilijitia nina kazi. Breki akanyoosha kikombe, nikamiminia, yakatoka mashapo tu. Nikainamisha birika mpaka chini.

"Kahawa imekwisha," nikasema. Hakuna aliyenisikia.

Sindano: Sikulifikiria hilo.

Mama Vifungo: Najua. Ulikuwa unajifikiria wewe.

Sindano: Nilikuwa nakufikiria wewe.

Mama Vifungo: Ungeniuliza basi. Mimi niko hapo tu, ng'ambo.

Sindano akalikunjua koti. Lilikuwa zuri, sina cha kuongeza. Akalitazama mbele, akaona haya upya.

Sindano: Halina kifungo cha mwisho.

Mama Vifungo akafungua mkoba. Akatoa kifungo cheusi, sindano, na uzi wa rangi ileile.

Mama Vifungo: Ulikisahau dukani juzi.

Sindano: Sikukisahau. Nilikiacha, nipate sababu ya kurudi.

Mama Vifungo: Hilo nalo najua.

Fundi wetu, anayetunga uzi huku akipiga soga na mtu mwingine, alijaribu mara moja, uzi ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita tena. Mama Vifungo akamnyang'anya sindano, akaitunga, akamrudishia. Breki akageuza uso upande wa barabara. Aliniambia baadaye ni vumbi.

Kifungo kikakaa. Mama Vifungo akatangulia kwa mlango wa nyuma wa duka ili aonekane alikuwa dukani. Sisi tukavuka barabara nyuma ya Sindano, Breki na soksi zake, Waya akijipangusa risasi ya kulehemu vidoleni, na mimi ambaye sikualikwa, na birika langu tupu mkononi. Mlangoni alisimama mjomba wake mama huyo, mzee mrefu, uso hauchezi.

"Mbona mmechelewa hivi?" akauliza.

Breki akageuka kutazama tulikotoka. Benchi lilikuwa linaonekana pale pale, na vikombe vyangu juu yake.

"Utusamehe, mjomba," akasema. "Tumetoka mbali sana."

Mzee akamtazama Sindano kuanzia viatu mpaka kola, macho yakatua kwenye kifungo cha mwisho.

"Maadamu mmefika," akasema. "Piteni ndani."