Mama Kwa-Nani na Majibu Yasiyo na Bei

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mchumi wetu wa mazingira, tunayemwita Mama Kwa-Nani, anakabidhi funguo za chumba kilicho karibu na ngazi. Jina alijitafutia mwenyewe. Kila tulipoandika kwamba mradi fulani una faida, aliuliza faida kwa nani, kisha akasubiri jibu huku chai yetu ikipoa.

Alianza kazi kama sisi sote, akiamini hesabu haina upande. Alikadiria bei ya misitu, ya hewa safi, hata ya mandhari. Kilichombadilisha ni kinamasi cha nyuma ya soko. Wenye mradi walitaka kukifukia wajenge maghala, nasi tukatumwa kuwauliza wakazi wangekubali kulipwa kiasi gani ili kitoweke. Karibu nusu yao waliacha kisanduku cha jibu wazi. Fundi cherehani mmoja alimwambia kwa upole kwamba swali lenyewe halina adabu, ni kama kumuuliza mtu anamuuza mama yake kwa bei gani.

Kwa mazoea ya ofisi, majibu ya namna hiyo hutupwa kabla ya kupiga hesabu. Mama Kwa-Nani aligoma. Alishikilia kwamba aliyekataa kutaja bei naye amejibu, na kwamba kumfuta ni kuamua mapema kuwa kila kitu kinauzwa, halafu kujifanya tumeligundua hilo kwa kupima. Mkurugenzi wa wakati huo alikuja juu, na cheo alichokuwa akikingojea akapewa mwingine. Kilimuuma, hakuficha. Hata hivyo aliandika ripoti upya, waliokataa wakiwa ukurasa wa kwanza, na baraza la mji lilipoisoma maghala yakahamishiwa kwingine. Vyura wa kinamasi kile wangali wanatukatiza vikao.

Tusimpambe kupita kiasi. Ni mbishi, hutafuta miwani iliyo kichwani mwake, na hatujawahi kukata keki ofisini bila mjadala mrefu wa haki.

Wiki hii tumeletewa fomu ya kumuaga, yenye kisanduku cha kukadiria mchango wake kwa fedha. Tumekubaliana bila ubishi, jambo la nadra hapa. Mama, asante kwa kutufundisha kuuliza. Kapumzike na wajukuu, afya iwe tele na siku zako ziwe njema. Kisanduku chako tumekiacha wazi.