Kompyuta Isiyozimwa

Kwenye kivuko cha kwenda Kamanga, benchi la mbele yangu walikaa wanachuo wawili, katikati yao kompyuta kuukuu ya mezani iliyofungwa kitenge. Kompyuta ilikuwa imevalishwa jaketi la kuokolea maisha.

“Ungeniuliza kabla ya kuizima,” alisema yule dada, Hiral. “Tangu nijiunge na klabu ya kompyuta haijawahi kuzimwa. Karatasi ya ‘usizime’ hukuiona?”

“Sasa Hiral, ningeibebaje ikiwa inawaka?” alijibu mwenzake, Luhende. Nikaona ana hoja, ila hakuna aliyeniuliza.

“Waliotutangulia walituambia ikizimwa inaweza isiwake tena. Na masomo yote ya wale watoto wa shule tunaowapelekea yamo humo.”

“Si una nakala?”

“Wewe ndiye uliyesema utanakili.”

Luhende akakaza kamba za jaketi kana kwamba hatari ilikuwa ziwani. “Itawaka tu,” alisema baadaye. “Hizi za zamani ni ngumu.”

“Uliijaribu?”

“Niliogopa.”

Hiral hakumgombeza. Nadhani hata yeye asingeijaribu.

Kivuko kikafika, mlango ukashuka kwa kishindo. Pale gatini wanafunzi wa shule ya msingi walikuwa wamejipanga na mwalimu wao, sare zimepigwa pasi.

“Wewe uliizima, wewe utaiwasha,” Hiral alinong’ona.

“Tubonyeze wote.”

Wakainyanyua, kila mmoja upande wake. Watoto walipoiona, wakaanza kuipigia makofi.