Udongo wa Dagoretti na Plastiki ya Dakta Sifuna

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu, na aliye jikoni apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka Dakta Lenox Sifuna wa mtaa wa Woodley, aliyetuacha wiki iliyopita. Nasema Dakta Sifuna, yule wa plastiki inayooza. Mahali pa kucheka, chekeni tu. Mwenyewe hangekasirika.

Kazi yake ilikuwa hii. Alitengeneza vifuko vya plastiki, vidogo mno, havionekani kwa macho. Ndani alitia dawa ya kifua kikuu. Vifuko vinaingia mwilini, vinaoza polepole, dawa inatoka kidogo kidogo, na mgonjwa anapumzika kumeza vidonge kila siku. Alitamani siku moja vibebe hata jeni, zikatibu magonjwa ya kurithi. Na plastiki yenyewe inaisha. Inaisha, wasikilizaji. Shikeni hapo.

Mwaka 2003 Sifuna alikwenda Dagoretti Corner kumposa Wangeci, binti wa Mzee Waithaka. Wazee wameketi, chai imemiminwa, Mzee akauliza kijana anafanya kazi gani. Mjomba wake Sifuna akajibu kwa fahari, "Anatengeneza plastiki!"

Kumbe ng'ombe wa maziwa wa Mzee alikuwa amekufa majuzi kwa kula mifuko ya plastiki. Mzee akaweka kikombe chini.

"Plastiki iliua ng'ombe yangu. Sasa imekuja kuchukua msichana?"

Sifuna akajitetea kwamba yake inaoza.

"Inaoza? Basi izike hapo kwa sukuma wiki. Mvua ikiisha tutachimba. Tukiipata, usirudi hapa tena." Akaapa mbele ya wazee wote.

Sifuna akakimbia maabara, akaleta kipande cha ukubwa wa kifungo cha koti. Akapiga magoti matopeni na suti yake ya pekee, akakizika. Aliporudi maabara ndipo aliposhika kichwa. Kwa haraka zake alikuwa amechukua plastiki ya aina ngumu, ile inayokaa udongoni miaka. Ile ya majuma machache ilibaki kwenye friji!

Wangeci anasema, "Alinipigia simu karibu kulia. Nikamuuliza, Lenox, kwani wewe ni daktari wa nini?"

Mvua ikaisha. Wazee wakarudi, jembe likaletwa. Wakachimba. Hakuna kitu. Wakachimba tena mpaka sukuma wiki zote zikalala chini. Hakuna kitu. Wazee wakapiga makofi, na Sifuna akapewa mke. Aliyeshangaa kuliko wote ni bwana harusi mwenyewe.

Tangu hapo akaamini udongo wa baba mkwe una vijidudu vya ajabu. Kila mwezi alikuja na mkebe, akachota udongo, akaupima, asipate kitu, akarudi tena. Kila mwezi, mpaka alipougua.

"Nyumba ilijaa mikebe," anasema Wangeci. "Wageni walidhani tunauza maua."

Jana nilikwenda kumpa pole Mzee Waithaka. Akatia mkono mfukoni, akanionyesha kipande cha plastiki. Kizima.

"Ni mimi niliitoa," akasema. "Siku ile ile, hata kabla afike stage ya matatu."

"Mbona, Mzee?"

"Niliona vile alipiga magoti kwa matope. Nikajua msichana yangu amepata mtu. Lakini nilikuwa nimeapa, na wazee walinisikia."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia miaka yote hiyo.

"Akikuja kuchukua udongo tulikuwa tunakunywa chai mpaka jioni. Ningemwambia, angekuwa anakuja kufuata nini?"

Kisha akaonyesha kidole mlangoni. Palikuwa na mkebe umejaa udongo.

"Hiyo ni ya mwezi huu. Nilikuwa nishamwekea."

Wangeci, Mzee Waithaka, na jamaa wote wa Sifuna kule Bungoma, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nawe unayenisikia, jiulize ni nani anayefurahi ukipiga hodi kwake, hata kama hajawahi kukwambia. Mpitie leo, umpe jioni moja.