Sauti Iliyotoka Ghorofani

Kwenye baraza moja ya Mkomani, ambapo punda akipita lazima ukunje miguu, watu hawaitani majina ya nyumbani. Mselem ni Redio, maana hazimiki. Shuaib ni Kadhi, maana hukumu yake hutangulia kesi. Hamdun ni Kimya, na asubuhi hiyo alikuwa kimya kuliko jina lake. Jana jioni televisheni ilionyesha filamu ya maisha ya mwanamuziki maarufu wa Ulaya, mpiga gitaa aliyechanganya nyimbo za kienyeji na roki, na ambaye mwaka wa sabini na mbili aliwahi kupanga nyumba hapa Amu, yaani Lamu. Alisimulia jinsi wanawake wa nyumba ya pili walivyokuwa wakiimba nyimbo za harusi ghorofani, naye akaweka kinasa sauti dirishani. Kisha ikasikika sauti ya mwanamke mmoja, kitambo kidogo tu. Hamdun alisogea karibu na televisheni. Mamake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Sura yake haikumbuki, na picha hakuachiwa. Lakini sauti ile alihisi anaijua, na sasa alitaka kuhakikisha, isije ikawa moyo unamdanganya.

— Yule ni nyanya yangu, Redio akaanza. Nimemnasa kwa simu. Sikizani hapo anapovuta pumzi. Pumzi ya kwetu hiyo!

— Pumzi nayo ina ukoo? Kadhi akamkata. Yule ni shangazi yangu wa Chundwa. Alikuya harusini.

— Shangazi yako si alikuwa bubu?

— Bubu wa kusema. Kuimba akiimba. Ndiyo wakasema akiba haiozi.

— Akiba imeingiaje hapa?

— Maneno aliyoyaweka miaka yote, yakatoka siku moya.

Hamdun akaweka kikombe chini.

— Na kama ni mama yangu?

Muuza kahawa aliacha kumimina. Redio akashusha sauti, jambo la nadra.

— Wayuwaje, Kimya?

— Siyui. Ndiyo nauliza.

— Basi huenda ni wote, Kadhi akaamua. Mzungu amewatia mashineni, nyanya, shangazi na mama, akawakoroga, akapata wimbo mmoya wa kuuza kila nti. Mgeni ndoo, mwenyeji apone.

— Tumepona nini?

Jabez, mwalimu mgeni kutoka bara, alikuwa ukingoni mwa baraza akipuliza kahawa yake.

— Samahani, wazee wangu. Wanawake wenyewe wanasemaje? Si wao ndio walikuwa huko juu?

Nyimbo za ghorofani wanaume huzisikia kutoka chini na kujifanya hawakusikia, ndiyo adabu; asubuhi nzima hakuna aliyewaza kumuuliza hata mkewe.

Hamdun alikuwa na mama mdogo, Bi Mwanamkisi, huko Wiyoni. Kila Ijumaa humpelekea samaki, humuuliza habari za miguu, za dawa, hata za paka. Habari za mamake hajauliza hata mara moja. Utotoni aliona haya. Ukubwani aliogopa.

— Redio, nipe simu yako.

Redio, asiyemwazima simu hata mkewe, akampa.

— Wenda wapi?

— Wiyoni.

— Kwani leo ni Ijumaa?

— Leo ni Jumanne, alijibu Hamdun, naye ameshaondoka.

Alipofika kwenye kona ndipo alipogundua kuwa mguu mmoja amevaa kiatu cha Kadhi. Hakurudi.