Makoti Matatu, Majina Manne

Benchi letu liko Muhima, mbele ya duka la fundi Rutayisire, pale njia inapoanza kuteremka kuelekea Nyabugogo. Ni ubao mmoja wa mkaratusi juu ya matofali, na hukaliwa kwa utaratibu. Ganza, makanika wa Gikondo ambaye wote wanamwita Pistoni, hukaa upande wa jua. Sangwa, mlinzi wa lango la nyumba moja huko Kiyovu, hukaa upande wa kivuli, naye jina lake la hapa ni Ambasaderi. Katikati hukaa mimi, Sekreteri, kwa sababu nilikuwa karani enzi za Wabelgiji. Raihana huuza kahawa hatua mbili kutoka hapo na hakuna neno linalompita. Jumamosi ile ya Machi 1992 mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipofika, saa nne asubuhi, tulimkuta Rutayisire amesimama mlangoni bila kikombe mkononi, jambo ambalo si kawaida yake.

— Nimekwisha, alisema. Bati limevuja. Majina yote yamekwenda na maji.

Rutayisire akimaliza koti, hubana kikaratasi kwenye ukosi na kuandika jina la mwenyewe. Makoti matatu yalikuwa yananing'inia ukutani, la kijivu, la kahawia na jeusi, na kila kikaratasi kilikuwa doa la wino.

— Si uko na daftari? Ganza aliuliza.

— Daftari iko, lakini ni majina tu. Habiyaremye, Bayingana, Kabera na Damascène.

— Hayo manne, fundi. Makoti ni matatu.

— Ndiyo shida, sha! Moja sikushona, na sikumbuki ni ya nani. Na Damascène anaoa leo. Saa sita watu wake wanakuja kuchukua koti, saa nane iko mbele ya padri.

— Huyo Damascène ni mtu gani?

— Sijui. Juzi alituma mtu wa pikipiki: koti ya Damascène iwe tayari Jumamosi, ni ya harusi. Nikaandika. Kama koti ambayo sikushona ni ya mwingine, atangoja. Kama ni ya bwana harusi, mimi nahama Kigali leo.

Raihana alimpa kikombe kwa nguvu. Sangwa alikohoa kama wanavyokohoa mabwana wa Kiyovu kabla ya hotuba.

— Aliye juu mngoje chini, alisema.

— Maana yake nini hapa?

— Makoti iko juu, sisi iko chini. Tungoje.

Mimi si msemaji sana. Nilichukua chaki ya fundi, nikachora jedwali kwenye ubao wake wa kukatia: majina manne kwenda chini, rangi tatu kwenda kulia. Mwalimu wetu wa hesabu kule Astrida, mji ambao leo unaitwa Butare, alitufundisha hivyo. Kila mtu ana koti moja, kila koti lina mtu mmoja. Penye hapana unaweka msalaba, penye ndiyo unaweka duara. Hubahatishi. Unaondoa yasiyowezekana mpaka ukweli ubaki peke yake, hauna pa kujificha.

— Kama kutafuta panya kwa kutoa vitu ndani ya nyumba, Raihana alisema.

— Hasa, nilimjibu. Fundi, unakumbuka nini kwa hakika?

— Habiyaremye iko na tumbo. Sentimita mia na ishirini na sita.

Ganza aliruka, akavaa la kahawia, likamtosha bila nafasi ya pumzi. La jeusi lilikuwa jembamba zaidi. Kisha akavaa la kijivu, akamwita Sangwa, naye akaingia ndani yake pamoja na Ganza, na vifungo vikafunga. Raihana alicheka mpaka akaweka birika chini.

— Duara! walipiga kelele wote wawili kutoka ndani ya koti.

Niliweka duara kwa Habiyaremye chini ya kijivu, na misalaba kila ilipostahili.

— Na Bayingana?

— Dereva yule alikataa nyeusi. Alisema nyeusi ni ya mapadri na wafiwa. Na koti yake nilishona, hiyo nakumbuka, alikuja mara tatu kunisumbua.

— Kwa hiyo si jeusi, na la kijivu lina mtu. Bayingana ni kahawia. Duara.

Sasa watu walikuwa wamesimama wima. Hata waliokuwa wanapita kwenda Nyabugogo walipunguza mwendo. Ganza alikuwa anapiga ubao kwa kiganja kama mpira unakaribia goli.

— Limebaki jeusi! Damascène, Damascène!

— Ngoja, nilisema. Kabera je?

Rutayisire alifumba macho. Alipoyafumbua, uso wake ulikuwa umebadilika.

— Kabera alileta kitambaa mwenyewe. Kitambaa nyeusi.

Niliweka duara. Kisha, kwa kuwa jedwali haliogopi mtu, niliweka msalaba wa tatu kwenye mstari wa Damascène. Bwana harusi hakuwa na koti. Saa sita ilikuwa inakaribia, na hoja yetu haikuwa na ufa.

— Labda Kabera na Damascène wagawane, Ganza alisema. Mmoja avae kanisani, mwingine kwenye pombe.

— Oya, si hivyo, Sangwa alisema. Siku hizi vyama ni vingi. Hata mafundi wako na chama. Wapinzani wametuma jina bila mtu, ili Rutayisire akimbie mji.

— Ni jini, alisema Raihana. Majini huoa. Wallahi huoa. Na jini akikosa koti, hakosi fundi.

— Basi aende bila koti! Mficha uchi hazai!

— Ambasaderi, methali hiyo si ya nguo, nilisema.

— Ni ya harusi, muzee. Harusi si ni kuzaa?

Ganza alikuwa amekamata koti la kijivu na kulipima kwa mikono.

— Sikilizeni. Hapa ndani tulienea watu wawili. Tukate katikati, tupate bwana harusi na msimamizi wake. Habiyaremye tutamwambia amenenepa usiku.

Tulicheka sana, mimi pamoja nao, mpaka nilipoona kwamba Rutayisire hacheki. Alikuwa amelaza koti la kijivu juu ya jedwali langu. Mkasi ulikuwa wazi.

— Fundi, odi! Nimekuja kuchukua koti la mwanangu.

Alikuwa mama wa makamo, amevaa mshanana wa sherehe, anahema kwa kupanda mteremko. Alisema anaitwa Béatha.

— Koti la nani, mama? nilimuuliza.

— La Damascène. Si lile jeusi pale?

— Lile ni la Kabera.

— Ndiyo.

— Tunatafuta la Damascène.

— Ndiyo, Béatha alisema, na kutuangalia mmoja mmoja kama watu waliolala nje. Padri alimbatiza Damascène. Baba yake alimwita Kabera. Ninyi mnafikiri nimezaa wangapi?

Mkasi ulianguka. Rutayisire alilikumbatia koti jeusi, akalikunja mara moja, akalikunjua, akalikunja tena, akampa. Ganza alikuwa ameketi chini kwenye matope, anacheka bila sauti. Hayupo Mnyarwanda asiyejua kwamba mtu ana jina la kanisa na jina la nyumbani, na mimi niliandika maelfu ya vitambulisho vyenye yote mawili.

Béatha alitazama ubao na ile misalaba.

— Nani amefanya kazi hii yote?

— Huyu muzee, Sangwa alisema. Sekreteri.

— Mwambieni aje harusini, nitamwandika kwenye meza ya wazee. Jina lake nani?

Sangwa alimwangalia Ganza. Ganza alimwangalia Rutayisire. Rutayisire alimwangalia Raihana, na Raihana, ambaye amenimiminia kahawa miaka kumi na minne, aliangalia ndani ya birika.

Mimi nililijua. Lakini hakuniuliza mimi.