Usiguse Hapa

Nyuma ya duka la vifaa vya umeme kuna benchi refu lililofungwa waya mguu mmoja, na mbele yake birika la Shangazi halipoi hadi jioni. Siku hiyo dada wanayemwita Injinia alifika amenuna, akalitua begi la kompyuta benchini kwa kishindo. Wanakijiwe walijua anaandika programu katika kampuni ya usafirishaji, ile inayowapangia madereva mizigo na njia. Wasichojua ni kwamba asubuhi bosi alimwita. Kuna kikosi kipya cha kusimamia mashine zinazojiandikia programu zenyewe, naye anatakiwa huko, ila kwanza amkabidhi kijana wa meza ya pili kila alichokiandika. Jibu kesho.

— Yaani nimfundishe mtu kazi yangu ndipo nipewe kazi, — alisema. — Wenzangu watatu walikabidhi. Mmoja kapandishwa cheo, wawili wako nyumbani wanaangalia dari. Hiyo ni haki ya wapi?

— Usikabidhi, — alisema Wembe, kinyozi. — Mimi kila mteja namwachia nywele kidogo kisogoni. Akifika nyumbani mkewe anamrudisha.

— Ndiyo maana mimi nanyolewa kwingine, — alisema Mzee Soli, fundi viatu, macho yakiwa kwenye kiatu alichokuwa akikishona. — Lakini ficha, mjukuu wangu. Gundi yangu naichanganya mwenyewe. Hata bibi yako nyumbani hajui nimetia nini.

— Na viatu vyako vinaachia, — alisema Shangazi akimimina kahawa.

— Vinaachia kwa mpango.

Wembe akasogea karibu.

— Ningekuwa mimi, ningetega kabisa. Siku wakinifukuza, malori yote yanageuza, yanaelekea kwa mama yangu.

— Yakishafika? — aliuliza Shangazi.

— Yanashusha.

— Mama yako atayaweka wapi makontena, wewe? Ana chumba na sebule.

Injinia akacheka bila kupenda, na hasira ikageuka kuwa majivuno.

— Wala sihitaji mtego. Mimi nilijilinda zamani. Sikuandika humo maelezo yoyote ya kumsaidia mtu kuielewa. Yule kijana anaisoma programu yangu mpaka anatoka jasho. Tazameni.

Akafungua kompyuta. Katikati ya mistari iliyosongamana kulikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: USIGUSE HAPA.

— Kufuli hilo, — alisema Wembe kwa heshima.

— Huyu hafukuziki, — alisema Mzee Soli.

Pembeni alikaa muuguzi aliyekuwa akisubiri kiatu chake, mguu mmoja peku juu ya gazeti. Naye akanyoosha shingo.

— Samahani, dada. Kwani hapo pakiguswa kinatokea nini?

Injinia akainamia kompyuta. Akasoma mistari ya juu, akashuka ya chini, akapanda tena. Alikumbuka mteja mmoja akifoka kwenye simu, alikumbuka programu ikikataa, kisha ikakubali, naye akashusha pumzi na kuandika onyo lile. Sababu yenyewe haikuja.

— Madereva wanapotea, — Wembe alikisia.

— Malori yanarudi kinyumenyume, — alisema Mzee Soli.

— Hebu nyamazeni, — alisema Shangazi. — Mwenyewe si yupo?

Mwenyewe alikuwepo, masikio yakimwaka moto. Kumbe siku zote hizo alimfungia kijana wa watu mlango, na yeye amebaki nje vilevile. Akatoa simu, akapiga.

— Kesho wahi, — alimwambia yule kijana. — Uje na kiti chako mezani kwangu.

— Unanikabidhi, dada?

— Nikukabidhi nini? Kuna mahali hata mimi mwenyewe sipaelewi. Tutapasaka wote, na kila tutakachokielewa tutakiandikia maelezo kwa majina yetu mawili. Anayetaka kumtimua mmoja atukute tumekaa pamoja.

Kijana akauliza kwa sauti ya chini:

— Na bosi? Si anataka jibu kesho?

— Bosi avute kiti naye, — alisema Injinia. — Tena aje amenyolewa vizuri hadi kisogoni, maana atakaa sana.